Shali ya Bibi Harusi wa Kawangware

Wiki iliyopita nililetewa mfuko wa nailoni, ndani yake kuna kitu kilichofungwa kwa gazeti. Aliyeuleta ni mdogo wangu, tumechangia baba. Hakukaa hata kunywa chai. Alisema, "Dada, mama kabla hajafariki aliagiza hii ikurudie wewe," akauweka mezani, akaenda zake. Sikuufungua. Lakini harufu ilikwisha kutoka: zile gololi nyeupe za kufukuzia nondo, na chini yake, kwa mbali, harufu ya sufu. Nikajikuta nimekaa kitini, mimi mtu mzima mwenye wajukuu, kama mtoto aliyevunja kikombe cha watu.

Wenzangu mliokulia Nairobi enzi zile mtaikumbuka baridi ya Julai. Jua halionekani wiki nzima, nguo haikauki, mtu akizungumza anatoa moshi mdomoni. Sisi tulikaa Ngara, vyumba viwili nyuma ya ghorofa ya Mhindi mmoja, bomba la maji la kushirikiana uani. Tulikuwa watu wa pwani. Mama alizaliwa na kulelewa Mombasa, na alipoolewa akaletwa Nairobi, baridi ilimtia adabu. Alinisimulia kwamba mwaka wa kwanza alikuwa akilia kila akitia mkono kwenye maji. Ndipo akajiunga na darasa la kina mama kwenye ukumbi wa mtaa, akafundishwa kufuma na bibi mmoja wa Kizungu aliyekuwa mkali kuliko chui. Wenzake walikwenda kupiga soga. Mama alikwenda kujiokoa na baridi, akatoka fundi.

Baba alikuwa muuzaji katika duka la vitambaa pale Biashara Street. Mrefu, mnadhifu, mpole wa sauti. Wallahi sikumbuki hata siku moja ametukemea. Na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba nikitaka kumchukia sawasawa sipati pa kuanzia. Kitu kimoja tu hakukipenda: Mama kuzungukazunguka mjini. "Mama Zuhura," alikuwa akisema, "hii si Mombasa, huku watu hawajuani. Ukitaka kitu, niambie nikuletee." Mama akatii. Kazi zake zote zilimfuata nyumbani, na palipohitajika miguu, miguu ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa hivi.

Ila Jumamosi mojamoja Baba alitutembeza katikati ya mji, na hapo ndipo mimi na Mama tulipokuwa na mchezo wetu. Mama alifuma sweta nyingi, za watoto wa shule, za makarani, za wazee, na zote zilikuwa zinatembea mjini juu ya migongo ya watu. Kazi yangu ilikuwa kuzitambua. Mama alikuwa na namna yake ya kumalizia mkono wa sweta: alikunja ukingo mara mbili na kuupitishia uzi kwa ndani, ukawa mnene kidogo, hauchakai. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Basi nikiuona ukingo ule kwenye foleni ya basi, namvuta Mama buibui na kumnong'oneza, "Ya Mama!" Naye anaangalia, anakubali, "Yangu." Tukifika nyumbani napewa kipande cha kashata. Nikikosea, ananicheka njia nzima. Nilikuwa sikosei, lakini. Nilikuwa na jicho hilo, we acha tu.

Mwaka ule akaja Mama Rukia. Huyu alikuwa akiuza vitunguu soko la Ngara, mwili mkubwa, sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Alikuja uani mpaka majirani wakachungulia.

"Mama Zuhura! Nimeambiwa wewe ndio fundi. Msichana wa ndugu yangu anaolewa, huko kwetu Kawangware. Nataka shali. Kitu mzuri, kitu nyeupe, kitu watu hawajawahi kuona!"

"Mashallah," Mama akasema. "Ni ya kuvaa juu ya gauni?"

"Juu ya gauni. Huyo mtoto kifua chake ni mbaya, baridi kidogo tu anakohoa. Na bwana ameng'ang'ania harusi iwe mwezi huu wa saba. Si atakufa kwa kiti ya bibi harusi?"

Mama akacheka. Nakumbuka jinsi alivyocheka, akiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Hakuwa amewahi kufuma shali ya harusi, lakini yule bibi wa Kizungu alimwonyesha mara moja mfano wake, kimia cha sufu nyembamba, matundu kama majani, na akamwambia kwamba shali iliyofumwa vizuri, hata iwe kubwa namna gani, lazima ipite yote ndani ya pete. Mama aliililia kazi ile miaka yote. Nilimwona uso unavyong'aa. "Mtoto wa watu hatatetemeka siku yake," akasema.

Mama hakuwa na futi ya kupimia. Alipima kwa uzi wenye mafundo: fundo la mabega, fundo la urefu, fundo la mikono ikinyooshwa. Nikapewa uzi ule nikaenda na Mama Rukia alipofunga biashara yake ya mchana. Kawangware ya siku zile ilikuwa bado mashamba, mahindi mpaka mlangoni kwa mtu, nyumba moja ya mabati hapa, nyingine kule. Bibi harusi aliitwa Salma. Alikuwa msichana mwembamba, macho makubwa, akikohoa anageuka pembeni kwa adabu. Alisimama wima mikono kainyoosha huku mimi napanda kigoda kumpima, na akawa anacheka kwa sababu uzi ulimtekenya shingoni. Kisha akanipa mapera mekundu ndani, mengi, akanifungia kwenye leso. "Mwambie mama yako Mungu ambariki mikono," akaniambia. Nikampenda palepale. Sina budi kusema ukweli, nilimpenda.

Mama akaanza. Kila mstari alianza kwa bismillahi, akihesabu vitanzi kwa midomo bila sauti, na mimi nikawa namshikia shada la uzi mikononi akivingirisha donge. Nyumba nzima ikawa inanuka sufu. Haikuruhusiwa kupika samaki mlango ukiwa wazi, haikuruhusiwa kuwasha jiko la makaa karibu, na mimi nilikuwa nanawa mikono mara tatu kabla ya kugusa.

Jioni moja Baba akarudi kazini, akamkuta Mama ameitandaza magotini. Baba hakuwahi kuuliza habari za kufuma. Kwake yeye zilikuwa shughuli za wanawake. Lakini siku ile alisimama akaiangalia.

"Ya nani hiyo?"

"Ya bibi harusi mmoja wa Kawangware," Mama akajibu. "Nzuri?"

Baba alivua kofia, akaivaa tena. "Kawangware sehemu gani?" akauliza.

Mimi ndiye niliyemjibu. Nilimweleza kila kitu, mahindi, kisima, nyumba yenye mlango wa buluu, Salma na kifua chake. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anaumwa kichwa, akaenda kulala bila kula. Na mimi, mpumbavu wa Mungu, nilifurahi. Nilidhani Baba hatimaye ameanza kuipenda kazi ya Mama.

Tangu hapo akawa na safari. Mara Nakuru kuangalia vitambaa, mara Thika. Akirudi amechoka, hazungumzi. Mama akamuuliza siku moja, "Baba Zuhura, ile sweta yako ya kahawia iko wapi? Baridi hii utakwendaje bila sweta?" Akasema ameisahau dukani.

Shali ilipofika nusu Mama akanituma tena Kawangware, nikaitandaze mabegani mwa Salma, nione kama inaangukia pale panapotakiwa. Niliibeba kifuani ndani ya kitambaa safi, ndani ya basi sikukaa, niliogopa kuikunja. Salma alipoiona alikaa kitako sakafuni akalia. Hajawahi kufanyiwa kitu kizuri namna ile maishani mwake, ndivyo alivyosema. Nikampima, ikaangukia sawa, nikaifunga. Nikatoka nje kwenda kunywa maji kisimani.

Kwenye kamba ya nguo palikuwa na shuka mbili, gauni, na sweta ya kahawia.

Nikaona ukingo wa mkono. Mnene, umekunjwa mara mbili. Moyo ukaruka kwa furaha. Nikasogea, nikaugeuza kiwiko, nikaona kiraka cha kijani. Kile kiraka nakijua kama jina langu, kwa maana uzi wa kahawia ulipoisha Mama alitia wa kijani na mimi ndiye niliyemshikia taa ya koroboi akitafuta rangi iliyokaribia. Sikujiuliza imefikaje pale. Mtoto hajiulizi. Nilichojua ni kwamba nimeshinda, tena ushindi mkubwa, Kawangware yote ile na mimi nimeitambua kazi ya Mama ndani ya mahindi.

Nilikimbia kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo.

"Mama! Ya Mama! Nimeiona moja kule kwa bibi harusi!"

"Enhe?" akatabasamu bila kuinua kichwa. "Ya mtoto au ya mtu mzima?"

"Ya mtu mzima. Ya kahawia. Iko kwenye kamba."

Mikono ikasita kidogo juu ya mchele. "Sweta za kahawia ni nyingi, mwanangu. Hiyo si yangu."

Jamani, sikuwahi kuambiwa hivyo. Nikaona nimedhulumiwa. Mimi? Mimi nisiyekosea? "Ni yako! Nimeuona ukingo!"

"Si yangu, Zuhura."

"Ni yako Mama, wallahi! Ina kiraka cha kijani kwenye kiwiko, mkono wa kulia, si nilikushikia taa? Ni ile ya Baba yenyewe!"

Nilipiga mguu chini nikisema hivyo. Nilisimama mbele ya mama yangu na kumlazimisha akubali. Uani palikuwa na jirani anafua. Aliacha kufua. Mama aliendelea kuchambua mchele, akatoa kijiwe kimoja, kingine, akavitupa pembeni.

"Labda Baba amewapa sadaka," nikasema.

"Ndiyo," akasema Mama. "Baba yako ana huruma."

Kisha akaingia ndani akanipa kashata. Hakunipa kipande, alinipa yote. Nikakaa kizingitini nikaila mpaka ikaisha.

Mtu mwingine angeichoma ile shali. Mimi ningeichoma. Nimewahi kumwambia hivyo, miaka mingi baadaye, kwa ukali ambao najutia, na yeye akanijibu tu kwamba uzi ulikuwa wa watu. Aliendelea nayo kila siku mpaka ikaisha. Bismillahi kila mstari kama mwanzo. Tofauti niliyoiona ni kwamba alikuwa anafumua. Anafuma mistari minne, anaangalia, anafumua miwili, anarudia, wakati macho yangu hayakuona kosa lolote. Nilidhani uzi ni mbaya. Baba akiwepo, Mama alimpakulia chakula, akamwandalia maji ya kuoga, akamwitikia, na shali iko pale juu ya kitanda baina yao, imefunikwa.

Ilipokwisha aliiosha kwa maji vuguvugu, akaibana kwa pini juu ya godoro mpaka ikakauka imenyooka. Halafu akavua pete yake ya ndoa, akaishika ncha moja ya shali, akaiingiza. Nikashika pembe ya pili. Ikapita. Shali kubwa kama ile, ya kumfunika mtu mpaka magotini, ikapita yote taratibu ndani ya pete ya Mama mpaka pembe ya mwisho ikatoka. Nikapiga makofi. Mama akaiweka pete ndani ya kikombe kabatini, na siku ya pili nilipouliza mbona haivai akasema vidole vimevimba kwa baridi.

Ile siku ya kuipeleka alivaa buibui akasema tutakwenda wote. Nikamkumbusha Baba hapendi. "Baba yako yuko safarini," akasema.

Salma alitupokea kwa mikono miwili, akamwita Mama "mama", akataka kumbusu mkono. Mama mwenyewe ndiye aliyemvisha. Alimzungusha, akaivuta hapa, akainyoosha pale, akamfunika kifua vizuri. Akamshika mabega akamwangalia kwa muda.

"Bwana harusi anaitwa nani, mwanangu, nipate kuwaombea?"

"Athumani," Salma akasema, akaona haya. "Anafanya kazi town, kwa duka ya vitambaa."

Nikafungua mdomo. Kidole cha Mama kikanibana shingoni, kwa nyuma, kikakaa hapohapo.

"Mtu mzuri?" Mama akauliza.

"Mzuri sana. Mpole. Hakutuficha kitu, alisema ako na bibi na mtoto huko Mombasa." Akashusha sauti. "Naogopa huyo bibi, mama. Kama siku moja atakuja hapa anitukane, mimi siwezi maneno."

"Hatakuja," Mama akasema. "Usiwe na wasiwasi. Yuko mbali, wala si mtu wa maneno." Akainua viganja, akasoma Fatiha, akayataja majina yote mawili kwa sauti, Salma na Athumani, akaomba wapewe watoto na masikilizano. Tukaitikia amina. Mimi pia niliitikia.

Ndani ya basi nilikuwa na hesabu yangu kichwani na haikukubali. Baba anamwoa Salma, hilo nimelisikia. Ana mke Mombasa, hilo nimelisikia pia. Na hapa kando yangu kuna Mama. Nikaona basi Baba ana wake watatu, na huyo wa Mombasa nikamchukia kupita kiasi, kwa sababu ndiye aliyefichwa kuliko wote.

"Mama," nikasema, "huyo mke wa Mombasa ni nani?"

"Ni mimi."

"Lakini wewe uko Nairobi."

Alikuwa anaangalia dirishani. Tulikuwa tunateremka upande wa Westlands, ukungu umejaa barabarani, watu wanatembea wamejikunyata. "Nitakwenda," akasema.

Tukaenda kweli. Haikupita wiki. Baba alirudi akakuta vyombo vimefungwa. Akakaa kitandani akashika kichwa, akaanza, "Mama Zuhura, mimi nilitaka kukwambia..." Mama akamwambia hakuna la kusema, yeye amewaambia watu mkewe yuko Mombasa, na mbele za watu mtu hawezi kugeuza neno lake. Kwa nini hakupiga kelele? Kwa nini hakwenda kwa kadhi, hakumwita kaka yake, hakumtoa Baba nje uani majirani wamwone? Alikuwa na haki zote mkononi. Akazikunja pamoja na nguo akatia sandukuni. Nimemkasirikia kwa hilo maisha yangu yote, na nimemlilia kwa hilohilo.

Baba mwenyewe alitubebea sanduku mpaka steshini. Baridi ilikuwa kali, alikuwa amevaa sweta ya kahawia. Nilikiona kiraka cha kijani wakati anainua sanduku kuliingiza behewani. Nikamwangalia Mama, naye alikuwa ameshakiona. Sikusema kitu. Treni ikaondoka, Baba akabaki pale akitupungia mkono, na mimi nilimpungia kwa sababu nilikuwa mtoto na yeye alikuwa Baba yangu. Alikuja Mombasa mara mbili kwa mwaka, baadaye mara moja, baadaye alituma barua.

Mombasa hakuna anayetaka sweta. Sindano za Mama zikawa za kupitishia kamba ndani ya gaguro, ile sketi ya ndani. Watu huniambia, Zuhura, hata usingesema angejua tu, siri gani ile ya kukaa. Najua. Hainisaidii kitu. Ni mimi niliyempigia mguu chini.

Baba alipofariki, wake wawili wakakutana matangani. Salma aliingia na watoto wake, akainama kumpa pole mke mkubwa, akamwona uso. Akakaa chini palepale, katikati ya watu, akawa anasema, "Mama, mama, kumbe ni wewe." Mama akamsogezea mto. Nasikia tangu siku ile Salma hakuivaa tena shali. Aliikunja akaitia gololi za nondo, mpaka juzijuzi alipokufa. Mama alimtangulia kwa miaka sita.

Jana nimeufungua mfuko. Nimeitandaza kitandani, nikavaa miwani, nikaipitisha vidoleni mstari kwa mstari, kitanzi kwa kitanzi, tangu saa nne asubuhi mpaka adhuhuri ikapita. Nilikuwa natafuta kosa. Nilitaka kitanzi kimoja tu kilichoachwa makusudi, fundo moja la hasira, kitu cha kunionyesha kwamba mahali fulani, hata mara moja, alijipigania. Hakipo. Nimefika ukingoni, umekunjwa mara mbili, uzi umepitishwa kwa ndani.

"Ya Mama," nikasema, peke yangu mle chumbani. Nikakaa na pembe yake mkononi, nikingoja akubali.